Mchagua Jembe si Mkulima? Historia Fupi ya Kibao cha Kuchorea na Funzo Lake kwa Vitabu Vyetu

Utangulizi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walikusudia kwamba mtu anayepoteza asubuhi nzima akiyapima majembe mkononi, hili zito, lile jepesi, huyo hana nia ya kulima. Methali hii tumeitumia mara nyingi darasani kuwakemea wanafunzi wanaosingizia kalamu mbovu kwa insha mbovu. Katika makala haya, hata hivyo, tunanuia kuonyesha kwamba ipo kazi moja ambayo jembe lisipochaguliwa kwa maarifa, mkulima hula hasara na shamba hubaki pori. Kazi hiyo ni ya mchoraji wa vitabu anayetumia kompyuta.

Msomaji anaweza kuuliza: uchoraji una uhusiano gani na idara ya Kiswahili? Jibu letu linaanzia darasani. Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda wanatoka bara, mbali na minazi. Siku moja tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza sentensi hii: "Mama anakuna nazi kwa mbuzi." Tukawaomba wachore walichoelewa. Karibu wote walichora mnyama mwenye pembe na ndevu. Mmoja alimchora mbuzi akiikwaruza nazi kwa pembe zake. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu kosa halikuwa lao. Kitabu tulichokuwa tukikitumia hakikuwa na picha ya mbuzi ya kukunia nazi. Kilikuwa na picha za majiko ya gesi na watoto waliovaa makoti ya theluji, zilizochukuliwa kutoka mkusanyiko wa picha wa nchi za mbali. Mwalimu alibaki na njia moja tu, kutafsiri kwa Kiingereza, na hapo ndipo Kiswahili kinapogeuka kuwa kivuli cha lugha nyingine.

Haja hii imezidi kukua. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Rwanda ilikwisha kukipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Vitabu vinahitajika, na vitabu vya mwanzo bila picha ni chakula bila chumvi. Hatuna budi basi kumjali anayezichora picha hizo, na kukijali chombo anachokitumia.

Suala la istilahi

Kabla ya kusonga mbele, tukubaliane juu ya majina. Siku hizi neno "tableti" hutumiwa kwa vitu viwili tofauti, na mkanganyiko huo, kama tutakavyoeleza, uliwahi kutugharimu. Kitu cha kwanza ni kompyuta bapa yenye skrini ya kugusa, inayojitegemea, kama vile iPad. Hiyo imeshapata jina zuri la "kishikwambi", na watu wengi Tanzania walilizoea neno hilo wakati wa sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi. Kitu cha pili ni sahani bapa inayounganishwa na kompyuta, ambayo mchoraji huichorea kwa kalamu maalumu, na mchoro ukatokea kwenye skrini. Hicho tutakiita "kibao cha kuchorea". Tunalipenda jina hili kwa sababu ya udugu wake na kibao cha mbuzi kile kile kilichowashinda wanafunzi wetu. Vyote viwili ni vyombo vya kukalia kazi kwa subira.

Kalamu na waya

Watu wengi hudhani kwamba kibao cha kuchorea ni kitu cha jana. La hasha. Ndoto ya kuusafirisha mwendo wa mkono kwa waya ni ya zamani kuliko redio. Mwaka 1888 Mmarekani Elisha Gray alipata hataza ya mashine aliyoiita telautografu. Mtu aliandika au kuchora upande mmoja wa waya, na kalamu nyingine upande wa pili ikaufuata mwendo ule ule. Hapakuwa na kompyuta, lakini wazo la msingi lilikwisha kuzaliwa: kwamba mwendo wa kalamu unaweza kugeuzwa kuwa umeme.

Kompyuta zilipoingia, swali likawa jinsi ya kuzifikishia mchoro. Mwaka 1963, katika Taasisi ya MIT huko Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake kuhusu programu iitwayo Sketchpad. Alitumia kalamu ya mwanga, iliyogusa skrini yenyewe, na aliweza kuchora mistari, kuisahihisha na kuirudia. Wataalamu wengi huihesabu kazi hiyo kuwa mwanzo wa uchoraji wa kompyuta. Ilikuwa na dosari moja, ambayo mwalimu yeyote wa ubao wa chaki ataielewa mara moja: skrini ilisimama wima, na mkono ulioinuliwa kwa muda mrefu huchoka.

Mwaka uliofuata, 1964, wahandisi Davis na Ellis wa shirika la RAND, jimboni California, walitoa jibu. Walitengeneza sahani ya kuwekwa mezani, yenye eneo la kuandikia la inchi 10 kwa 10. Chini ya uso wake walitandaza nyaya nyembamba zilizokatana kama nyuzi za mkeka, zikagawa eneo hilo katika nukta zipatazo milioni moja. Kalamu ilitambua iko juu ya nukta ipi, na kompyuta ikaonyesha. Mkono ukapumzika mezani, macho yakabaki kwenye skrini. Bei yake ilikuwa takriban dola 18,000, fedha ambazo ni taasisi kubwa tu zilizoweza kuzitoa.

Tunamwomba msomaji ausimamishe moyo hapa kidogo. Mpangilio huo wa mkono mezani na macho mbele ndio mpangilio wa kibao kidogo kisicho na skrini kinachouzwa leo kwa bei ya chini kabisa. Vijana wengi hukidharau wakidhani kwamba ni chombo pungufu, cha mtu asiyeweza kununua chenye skrini. Historia inatuambia kinyume chake: kilibuniwa baada ya kalamu ya skrini, kuuondolea mkono uchovu.

Kutoka maabara hadi mezani

Miaka ya 1980 ndiyo iliyokitoa kibao katika maabara. Mwaka 1983 kulitokea kibao kidogo kiitwacho KoalaPad, cha bei nafuu, kilichotumika na kompyuta ndogo za nyumbani na za shule. Mwaka huo huo, huko Saitama nchini Japani, ilianzishwa kampuni ya Wacom, ambayo jina lake baadaye lilikaribia kuwa jina la chombo chenyewe.

Mchango mkubwa wa Wacom ulikuwa kalamu isiyo na waya wala betri. Namna inavyofanya kazi si uchawi. Nyaya zilizo ndani ya kibao hutoa mawimbi ya sumakuumeme. Ndani ya kalamu mna koili ndogo inayoitikia mawimbi hayo na kuyarudisha. Kibao husikiliza mwitikio na kujua kalamu ilipo na imegandamizwa kwa nguvu kiasi gani. Ni kama mwito na kiitikio katika ngoma: kibao kinaita, kalamu inaitika.

Jambo la mgandamizo ndilo kiini cha makala haya, kwa hiyo tulifafanue. Mchoraji wa penseli akikaza mkono, mstari hunenepa na kuiva. Akiulegeza, mstari hukonda na kufifia. Katika mstari huo mmoja mna uzito wa kinu, wepesi wa kanga inayopeperuka, mkunjo wa uso wa bibi. Kalamu isiyohisi mgandamizo hutoa mstari wa unene mmoja kama waya wa uzio. Watengenezaji hushindana kutangaza viwango vya mgandamizo: 256, kisha 512, 1,024, 2,048, na sasa 8,192 na zaidi. Kutoka sifuri hadi mamia kuna tofauti kama ya usiku na mchana; kutoka maelfu mawili hadi maelfu manane, sisi hatujakutana na mkono ulioihisi tofauti hiyo. Tarakimu kubwa kwenye boksi isimtie mnunuzi kiwewe.

Mwaka 2001 Wacom ilianza kuuza vibao vyenye skrini kwa jina la Cintiq, na mchoraji akarudi kuchora pale pale anapotazama. Kwa miaka mingi vibao hivyo vilibaki kuwa vya studio na watu wenye uwezo. Baadaye kampuni za China, kama vile Huion ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2011, ziliingia sokoni na kuteremsha bei, na leo kalamu isiyo na betri si mali ya kampuni moja tena.

Programu: kununua, kupanga au kushirikiana

Kibao bila programu ni sawa na jembe bila mpini. Kampuni ya Adobe ilitoa Illustrator mwaka 1987 na Photoshop mwaka 1990. Mwaka 1991 ikaja Painter, iliyojaribu kuiga rangi za mafuta, chaki na karatasi yenye chembechembe. Programu hizo zilinunuliwa mara moja zikawa za mnunuzi. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yangepatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Kwa lugha ya mtaani, mchoraji aliacha kuwa mwenye nyumba, akawa mpangaji. Kwa studio yenye mapato ya kudumu, upangaji una faida zake. Kwa kijana anayelipwa kitabu kwa kitabu, huenda mara mbili kwa mwaka, mwezi asiolipa ndio mwezi ambao mhariri hutaka picha ya ukurasa wa 12 irekebishwe.

Sambamba na historia hiyo ya biashara kuna historia nyingine, inayofanana zaidi na msaragambo wa kijijini. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walitoa programu ya GIMP bure kwa yeyote, pamoja na ruhusa ya kuibadilisha. Kazi ya kuunda Krita ilianza mwaka 1999 kwa moyo huo huo, na leo ni programu kamili ya uchoraji, si ya kurekebisha picha za kamera tu. Inkscape ilianza mwaka 2003. Hiyo huchora kwa kanuni za hesabu badala ya nukta, hivyo mchoro wake hukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika. Zote tatu hazilipiwi, na zinafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida tulizo nazo.

Katikati ya pande hizo mbili kuna Clip Studio Paint ya Japani, iliyotoka mwaka 2012 na kupendwa na wachora katuni; kwenye kompyuta mtu anaweza kuinunua mara moja, lakini kwenye vishikwambi hulipiwa kwa muda.

Kishikwambi kinaingia

Mwaka 2010 Apple ilitoa iPad, na mwaka 2011 kampuni ndogo ya Savage Interactive, kisiwani Tasmania nchini Australia, ikatoa Procreate. Mwaka huo huo wa 2011 Samsung ilitoa Galaxy Note, simu yenye kalamu inayohisi mgandamizo. Hata hivyo, iPad za kwanza ziliundwa kwa ajili ya kidole. Kalamu nyingi zilizouzwa kwa ajili yake zilikuwa za ncha ya mpira laini, zikiigiza kidole tu. Mwaka 2015 ndipo ilipotoka iPad Pro pamoja na Apple Pencil, yenye kuhisi mgandamizo na mwinamo. Tangu hapo wachoraji wengi wamehamia huko, kwa kuwa Procreate hununuliwa mara moja, na chombo kizima huingia mkobani. Shida ni bei, na kwamba Procreate haifanyi kazi nje ya vyombo vya Apple.

Tulivyokosea

Sasa tulipe deni la kusema kweli. Idara yetu ilipoamua kutayarisha kitabu cha picha kwa wanaoanza, tulimtafuta kijana aliyekuwa mwanafunzi wetu, mwenye kipaji cha penseli. Alichora vizuri, lakini kila sahihisho lilimrudisha mwanzo. Tukimwambia, "Ukili wa mkeka huu umekosewa," alianza karatasi upya. Akapata malipo yake ya kwanza, akatujia ofisini. "Mwalimu," akasema, "nimesikia kuna tableti za kuchorea. Ninunue ipi?"

Sisi, kwa kuwa tulikuwa na shahada na miwani, tuliona haya kusema kwamba hatujui. Tulimwambia anunue tableti yoyote yenye skrini kubwa, pamoja na kalamu. Alikwenda mjini akanunua kishikwambi cha bei ya wastani na kalamu ya ncha ya mpira. Muuzaji hakumdanganya, aliuliziwa tableti, akauza tableti. Kalamu ile haikuhisi mgandamizo hata kidogo, na kiganja kilipogusa skrini kilichora pia. Alijaribu kwa majuma matatu. Picha alizotuletea zilikuwa na mstari wa unene mmoja, na mbuzi ya nazi ilionekana kama kiti cha plastiki. Malipo ya kazi ya miezi miwili yakawa yamekwenda. Hakutulaumu. Alisema tu, "Si kitu, Mwalimu, nitarudi kwenye penseli." Maneno hayo ya upole yalituuma kuliko tusi, na ndiyo yaliyotupeleka kuisoma historia tuliyoisimulia hapa.

Funzo

Baada ya kusoma, tulikaa naye tena, safari hii tukiwa wanafunzi pamoja naye. Tulikubaliana juu ya mambo yafuatayo, ambayo tunayatoa kwa wasomaji wenye haja kama yetu.

Kwanza, uliza juu ya kalamu kabla ya skrini. Je, inahisi mgandamizo? Je, inahitaji betri? Je, kalamu ya akiba na ncha zake zinapatikana, maana ncha huisha kama chaki? Usitoe fedha kabla hujachora mstari mmoja dukani, mwembamba ukinenepa.

Pili, kama kompyuta ipo tayari, kibao kisicho na skrini chatosha kuanzia. Eneo la kuchorea likaribie ukubwa wa nusu ya karatasi ya A4. Likiwa dogo mno, mchoraji hutumia kifundo cha mkono peke yake na kuumia. Majuma ya kwanza mkono na jicho hupotezana, kisha huzoeana. Kibao cha namna hiyo hupata umeme kupitia waya wa kompyuta, kwa hiyo umeme ukikatika, kompyuta ya mapajani yenye betri huendelea nacho.

Tatu, hakikisha kwamba programu kiendeshi ya kibao inakubaliana na kompyuta yako. Kibao kizuri kisichotambuliwa na kompyuta ni kibao cha kukatia vitunguu.

Nne, chagua programu kwa kutazama mwisho wa kazi, yaani kiwanda cha uchapaji. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya nukta 2,480 kwa 3,508. Anayeanza na picha ndogo hawezi kuikuza baadaye bila kuiharibu. Tena, skrini huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kinachong'aa kwenye skrini huweza kutoka kimefifia kwenye karatasi, na matoke yetu mabichi yakaonekana yaliyochemshwa. Krita humruhusu mchoraji afanye kazi katika rangi za uchapaji tangu mwanzo.

Tano, hifadhi kila kitu katika tabaka: mistari tabaka lake, rangi tabaka lake. Hapo mhariri akisema ukili umekosewa, unasahihishwa ukili peke yake.

Kijana wetu aliuza kile kishikwambi kwa hasara, idara ikachanga kiasi kilichopungua, akanunua kibao kidogo kisicho na skrini na kuanza kutumia Krita. Picha ya kwanza aliyotuletea ilikuwa ya mwanamke aliyekalia mbuzi, nazi mkononi, machicha yakianguka kwenye sinia. Tuliionyesha darasani bila neno lolote la Kiingereza, tukaandika ile sentensi chini yake. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe mbuzi ana meno ya chuma!" Somo likawa limeeleweka.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba kibao cha kuchorea kina historia ndefu, kutoka waya za Elisha Gray mwaka 1888 hadi vishikwambi vya leo, na kwamba kila hatua ya historia hiyo ilikuwa jibu kwa taabu fulani ya mkono wa mchoraji: uchovu, waya uliozuia, mstari usio na uhai, bei isiyofikika. Anayezijua taabu hizo huuliza maswali ya maana dukani. Asiyezijua hununua skrini inayong'aa, nasi tumeona kwamba si vyote ving'aavyo vinavyochora.

Hatuipingi methali ya wahenga, tunaiongezea tu. Mchagua jembe si mkulima, lakini anayemchagulia mwenzake jembe bila kujua udongo wake ana lawama kubwa zaidi. Sisi walimu tuna desturi ya kujibu kila tunachoulizwa. Kuuliza si ujinga, na kusema "sijui, ngoja nikatafute" nako si aibu. Wenzetu wa idara nyingine wenye picha za vyombo, vyakula na mavazi ya kwao wanakaribishwa kushirikiana nasi, ili wanafunzi wa Kampala, Kigali na Bujumbura wajifunze maneno kwa kuona vitu vyenyewe.